Tuwasomee Watoto Nini? Historia Fupi ya Kitabu na Sikio

Ukiingia duka la vitabu Nairobi au Mombasa ukaulizia kitabu cha hadithi cha mtoto, swali la kwanza utakalopata ni, "Yuko gredi ya ngapi?" Hakuna anayekuuliza mtoto anapenda nini, wala kama atasoma mwenyewe au atasomewa. Nimeulizwa hivyo mara nyingi nikiwatafutia wapwa zangu vitabu. Swali lenyewe si baya, lakini lina historia yake, na historia hiyo inatufanya tuwanyime watoto hadithi ambazo masikio yao yamekwisha kuwa tayari kuzipokea.

Kabla ya kitabu, mambo ya gredi hayakuwepo. Msimulizi alisema "Paukwa", wote wakaitikia "Pakawa", na waliokuwa wameketi pale walikuwa wa kila umri. Chukua kisa cha kima na papa, kimoja kati ya hadithi ambazo mmishenari Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Papa anapewa matunda na rafiki yake kima kila siku, kisha anamwalika kwao. Wakiwa katikati ya bahari anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha kule mtini, basi warudi wakauchukue.

Mtoto wa miaka mitatu atacheka sauti ya papa. Wa miaka saba atafurahia ule ujanja, na atataka umrudie tena na tena. Wa miaka kumi na mmoja atauliza: huyu papa alikuwa rafiki kweli tangu mwanzo, au alikuwa anavizia? Kisa ni kimoja, lakini kila mmoja ameondoka na chake. Na kimesafiri mbali: kimo katika Panchatantra ya Wahindi na katika Kalila wa Dimna ya Waarabu, ambako badala ya papa utakuta mamba au kobe. Hadithi inayodumu hivyo, mdomo kwa mdomo, imeshapimwa na masikio mengi kuliko kitabu chochote cha leo.

Kitabu kilipokuja, kilikuja na shule, na shule ilikuja na utaratibu wake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha hiyo katika Afrika Mashariki, na katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, ni miongoni mwa waliotafsiri vitabu vya Kiingereza ili shule zipate cha kusoma. Ndivyo tulivyopata Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vyote vya 1929. Wazee wengi wanavikumbuka kwa mapenzi, na mimi siwalaumu, maana ni visa vinavyokukamata. Lakini shujaa anayesafiri katika vitabu hivyo ni Mzungu, na msikilizaji wa Voi au Kisumu alilazimika kujitafutia mahali pa kusimama ndani ya hadithi.

Mwaka 1940 ikatoka Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya kitabu cha Lewis Carroll, na michoro yake inamwonyesha Elisi kama msichana wa Kiafrika. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Jijini Nairobi, maktaba ya McMillan ilikuwa imefunguliwa mwaka 1931, na hadi 1958 iliwahudumia Wazungu tu. Fikiria basi: miaka kumi na minane nzima baada ya Elisi kuchorwa mweusi, mtoto mweusi wa Nairobi alikuwa bado hawezi kupanda ngazi za maktaba ile.

Mlango huo ulifunguka, lakini baada ya uhuru mwingine ukabanwa. Ripoti ya Ominde ya 1964 ilikipendelea Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kiswahili kikabaki somo tu, tena lisilo na uzito wa mtihani katika shule ya msingi, mpaka mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na kulifanya la lazima. Tuliolipenda somo tulishangilia. Wachapishaji nao walifanya hesabu yao: mnunuzi wa uhakika ni shule, basi kitabu kiandikwe kwa kufuata darasa. Ndipo lilipozaliwa swali la yule muuza duka.

Sasa angalia matokeo. Kitabu cha gredi ya pili kimeandikwa ili mtoto wa gredi ya pili aweze kukisoma peke yake. Sentensi fupi, msamiati mdogo, kisa chepesi. Kwa jicho linalojifunza herufi ni sawa kabisa. Lakini ukimsomea mtoto huyo huyo kwa sauti, atakuwa amechoka kabla ya ukurasa wa nne, kwa sababu sikio lake liko mbele ya jicho lake kwa miaka kadhaa. Anaelewa ugomvi wa watu wazima jikoni. Atashindwaje na hadithi yenye sentensi ndefu?

Mradi wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka 2014 na kutoa hadithi bure mtandaoni kwa lugha nyingi za Afrika, uliligundua hilo. Ngazi zake ni tano: nne za mtoto anayejifunza kusoma, na ya tano ni ya kusomewa kwa sauti. Hiyo ya tano ndiyo inayosahaulika majumbani.

Kwa hiyo mimi huchagua hivi. Kwa aliye chini ya miaka minne, natafuta kibwagizo: neno au mlio unaorudi, ili naye apate zamu yake ya kuitikia. Kwa wa miaka mitano hadi minane, natafuta ujanja, sungura na fisi, Abunuwasi, na kitu cha kubashiri kabla sijafungua ukurasa. Lugha ikiwa ngeni nampindulia hapo hapo. Mtoto wa Mombasa akisikia Kimvita cha nyumbani badala ya Kiunguja cha kitabuni, hakuna polisi atakayekuja.

Kwa wa miaka tisa na kuendelea, nachukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka 1952, namsomea kidogo kidogo. Ndani yake kuna mtu mwema anayewafuga manyani wawili, akawalisha vizuri, na kila usiku akawapiga mijeledi. Kwa nini? Kiswahili chake ni kizito na maneno mengine sharti uyaeleze, lakini swali hilo moja linambeba msikilizaji hadi mwisho. Na jibu lake, kwamba manyani wale ni ndugu zake waliotaka kumwangamiza, linazua mjadala ambao watoto wenye ndugu wanauelewa vizuri kuliko sisi.

Kabla ya kununua, soma ukurasa mmoja kwa sauti pale pale dukani, hata kama watu watakutazama. Ukikosa pumzi au ukaboreka mwenyewe, kirudishe. Na mtoto akishajua kusoma, usimwachie kitabu ukadhani kazi yako imekwisha. Kumsomea wa miaka kumi na mmoja si kumdekeza. Hapo ndipo anapoweza kusikia Kiswahili ambacho gredi yake haijamruhusu kukiona.