Kampuni ikitoa msaada, tuangalie roho ama tuangalie kakao?

1/ Mafuriko yakiingia ama ukame ukizidi, hatukosi kuona ile hundi kubwa kama mlango, wakubwa wa kampuni wamesimama nyuma yake, kamera tayari. Halafu huku chini vita vinaanza. "Mungu awabariki." "Wapi! Hao wanajitangaza tu." Kabla mrushiane matusi, wacha niwape kisa cha zaidi ya miaka 100 iliyopita. Uzi 👇🏾

2/ Birmingham, Uingereza, mwisho wa karne ya 19. Cadbury, wale wa chokoleti, walikuwa familia ya Waquaker, dhehebu lile la Friends ambalo sisi tunalijua kutoka Kaimosi. Watu wa dini kweli kweli. Waquaker walikuwa mstari wa mbele kupigania utumwa ukomeshwe.

3/ Mwaka 1879 walitoa kiwanda katikati ya mji, wakakipeleka mashambani, mahali walipopaita Bournville. Baadaye zikajengwa nyumba zenye bustani na viwanja vya michezo. Mwaka 1900 George Cadbury aliweka ardhi na nyumba hizo chini ya amana, zisiwe mali yake tena. Huyo hakupiga picha akarudi ofisini. Alitoa.

4/ Sasa, kakao ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka São Tomé na Príncipe, visiwa vilivyotawaliwa na Ureno kwenye Ghuba ya Guinea. Waliolima walitolewa Angola. Kwa karatasi walikuwa vibarua wa mkataba wa miaka 5. Kwa vitendo walinunuliwa, wakatembezwa hadi pwani, wakapakiwa melini, na karibu hakuna aliyerudi kwao.

5/ Mwaka 1901 habari zilimfikia William Cadbury. Akaona hata tangazo la kuuza shamba huko São Tomé, na wafanyakazi wamehesabiwa humo pamoja na mali nyingine ya shamba. Soma tena hapo. Binadamu, kwenye orodha ya mali.

6/ Wakafanya nini? Waliongea na Wareno. Mwaka 1905 wakamtuma Joseph Burtt akachunguze, na kufikia 1907 ripoti yake ilithibitisha yote. Kumbuka mwandishi Henry Nevinson alikuwa ameshafika huko mwenyewe, na kitabu chake kilitoka 1906. Miaka hiyo yote kakao iliendelea kununuliwa. Waliacha Machi 1909. Miaka 8!

7/ Utetezi wao: tukiacha kununua, wengine watanunua, na sisi tutakosa sauti ya kuwasukuma Wareno. Hoja hii mnaijua, bado iko sokoni. Si ya kijinga. Lakini jiulize ni nani aliyelipia hiyo subira. Si mtu wa Bournville.

8/ Mwaka 1908 gazeti la Standard likawaanika, nao wakalishtaki. Na hapa siasa zinaingia: Cadbury walikuwa na gazeti lao, Daily News, lililokuwa limekemea vikali jinsi vibarua Wachina walivyotumika kwenye migodi ya Afrika Kusini. Standard lilikuwa upande wa pili wa siasa. Kwa hivyo aliyepiga kelele naye alikuwa na lake. Ila utumwa aliousema ulikuwepo.

9/ Kesi ilisikizwa Birmingham mwishoni mwa 1909. Cadbury walishinda. Fidia waliyopewa na baraza la wazee wa mahakama? Robo ya peni. Mimi naisoma hivi: mmechafuliwa jina, sawa, lakini mlijua na mkaendelea kununua.

10/ Je, walikuwa wanafiki? Sidhani, na hapo ndipo shida ilipo. Walikuwa na roho nzuri, na kwa miaka 8 hiyo roho haikuwazuia kununua. Walisukumwa na waandishi na aibu ya hadharani. Pia kulikuwa na pa kuhamia: wakulima Waafrika wa Gold Coast, Ghana ya leo, walikuwa wanapanua kakao yao haraka.

11/ Turudi nyumbani. Kubishana kama kampuni "inamaanisha" ni kama kupima upepo kwa mizani. Uliza vitu vinavyopimika. Pesa ilitoka wapi? Anayevuna, anayeshona ama anayelinda lango analipwa vipi? Na je, msaada huo umewagharimu chochote kwenye biashara yenyewe, ama ni makombo tu?

12/ Halafu kuna kodi. Sheria yetu inaruhusu kampuni kuondoa mchango kwa shirika la hisani lililoidhinishwa kabla ya kupigiwa kodi ya faida. Kwa kiwango cha 30%, kila shilingi 100 inayotolewa, shilingi 30 hivi zingeenda kwa serikali. Yaani nawe umechanga, ila jina lako haliko kwenye hundi.

13/ Sisemi tukatae msaada. Mtu akiwa juu ya paa maji yamemzunguka, haulizi boti ni ya nani. Tupokee, tuseme asante, halafu kesho yake tuulize habari ya mishahara. Asante haifuti swali.

Uzi umeisha. Mwenye kisa cha hapa kwetu alete, lakini aje na ushahidi.