Uhunzi wa visu (Kolwezi na Nzilo)

Uhunzi wa visu ni kazi ya kugeuza kipande cha chuma cha pua kuwa kisu chenye makali ya kudumu: kukifua, kukitia matiko, kukinoa, kukivika mpini na kukishonea ala. Makala hii inaeleza namna ya kuianza kazi hiyo katika ukanda wa shaba wa Lualaba, hasa Kolwezi, mji mkuu wa jimbo tangu 2015, na Nzilo, ambako bwawa la umeme lililojengwa katika miaka ya 1950 liliufanya mto Lualaba kuwa ziwa, na ziwa likaleta wavuvi wasioweza kukaa siku moja bila kisu.

Uhunzi una mizizi mirefu huku. Katika bonde la Upemba, ukiufuata mto Lualaba kuelekea kaskazini, Jacques Nenquin alianza kufukua makaburi ya Sanga mwaka 1957, na Pierre de Maret akaendeleza utafiti bondeni katika miaka ya 1970. Katika kaburi mojawapo la kale, la kabla ya karne ya 11, marehemu alikuwa amelazwa na fuawe ya chuma kando ya fuvu lake, pamoja na shoka la heshima. Simulizi za Waluba nazo zinafungamanisha ufuaji wa chuma na mfalme Kalala Ilunga. Kwa Walunda na Wachokwe, mkubwa alitambulika kwa mukwale, upanga mfupi wenye makali pande zote mbili.

Shaba ilikuwa na njia yake. Walioyeyusha malakiti kwa makala (ndivyo mkaa unavyoitwa Katanga) waliitwa wala shaba, jina ambalo askofu Jean-Félix de Hemptinne alilitumia katika kichwa cha andiko lake la 1926. Bayeke wa Msiri, ambao asili yao ni Usumbwa na Unyamwezi, walivuta shaba hadi ikawa uzi mwembamba, wakasokota bangili. Lakini jembe, shoka na kisu vilibaki vya chuma. Wazee hawakuchagua hivyo kwa mazoea tu. Ipashe shaba hadi iwe nyekundu, uichovye majini: itatoka laini. Ifanyie hivyo pua: itatoka ngumu kiasi cha kukata chuma kingine. Anayeanza uhunzi akilishika jambo hili moja, hatapoteza miezi akijaribu kunoa kitu kisichonoleka.

Chuma cha kuanzia kipo tele, kwa kuwa malori ya migodi hayaachi kuvunja springi. Springi bapa ya lori kwa kawaida ina kaboni karibu asilimia 0.6, kiasi kinachofaa kisu cha kazi. Nondo ya ujenzi haifai, ingawa wengi huanzia hapo kwa sababu ni rahisi kuipata: kaboni yake ni kidogo, na makali hukunjika. Kama huna hakika na chuma chako, kata kipande kidogo, kipashe hadi kiwe chekundu, kichovye, kisha kipige nyundo. Kikivunjika na kuonyesha chembe laini za kijivu, kinafaa. Kikipinda, kitafutie kazi nyingine. Kagua pia nyufa, maana springi iliyochoka huzificha hadi dakika ya mwisho.

Vifaa si vingi: tanuri la udongo au ringi ya gari, mivukuto au feni ndogo, koleo, nyundo ya kilo moja, kipande cha reli badala ya fuawe, tupa na jiwe la kunolea. Kisu cha kwanza kiwe kifupi, bapa la sentimita 10 tu, la kupasulia samaki. Usiyamalize makali kabla ya moto. Acha unene wa milimita moja, la sivyo yatapinda au kupasuka.

Kisha matiko, ambayo ndiyo roho ya kazi yote. Kwanza kisu hupashwa na kuachwa kipoe hewani, mara tatu, ili chuma kitulie baada ya kupigwa. Halafu hupashwa tena kivulini au jioni, kwa kuwa jua la mchana linaidanganya rangi ya moto. Tumia sumaku: karibu nyuzi 770 za Selsiasi pua huacha kuvutwa. Ongeza moto kidogo tu, kufikia kama 830, kisha zamisha ncha kwanza ndani ya mafuta ya kula yaliyopashwa hadi nyuzi 50 hivi. Maji hupoza kwa ghafla mno, na springi nyingi hupasuka humo. Tupa ikiteleza juu ya makali bila kuuma, matiko yameshika. Hata hivyo, kisu wakati huo ni chepesi kuvunjika kama kioo, hivyo kioke kwenye nyuzi 200 kwa saa mbili, mara mbili, hadi chuma kilichosuguliwa kiwe na rangi ya majani makavu. Ikifika buluu, umepitiliza, na unaanza upya.

Shaba inapata nafasi yake kwenye mpini. Mti wa mulombwa, ambao Tanzania huitwa mninga, hautanuki sana ukilowa, na pini mbili za shaba huushika vizuri. Nunua shaba unayoijua ilikotoka. Waya uliokatwa kwenye laini ya umeme umeacha mtaa mzima gizani. Malakiti nayo hupendeza kwenye mpini, lakini vumbi lake ni sumu: ichonge ikiwa imelowa, na uvae barakoa. Vumbi la kobalti huharibu mapafu, kwa hiyo mawe ya mgodini yenye kobalti yasiletwe karakanani. Kobalti yenyewe inafaa kisu ikishayeyushwa kiwandani. Pua ya Kijapani iitwayo VG-10 ina takriban asilimia 1.5 ya madini hayo.

Ala ishonwe kwa ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti, kwa kuwa chumvi zilizobaki katika ngozi nyingine hulisha kutu. Kwa mvuvi wa Nzilo hata hiyo haitoshi: springi haina kinga ya maji, na kisu kinachorudi kutoka ziwani hufutwa, hupakwa mafuta, na hulala nje ya ala hadi asubuhi.