Mafua ya London, 1952

Wasee, kila matatu yetu ikikwama nyuma ya lori pale Jogoo Road, na lori linatema ule moshi mweusi tititi, mimi hukumbuka London. Si ya leo. Ile ya Desemba 1952.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 5. Baridi kali, upepo hakuna, na hewa ya joto imekaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria. Kila nyumba inachoma makaa ya mawe, tena yale duni, maana yale mazuri yalikuwa yanauzwa nje kutafuta pesa baada ya vita. Isitoshe, Julai ya mwaka huo huo tramu za umeme zilikuwa zimestaafishwa, na basi za dizeli zikachukua kazi yao. Moshi wote huo ukakosa pa kwenda kwa siku tano. Makondakta walitembea mbele ya basi wakishika taa ili dereva aone njia. Ukumbini Sadler's Wells opera ilikatizwa kwa sababu ukungu uliingia hadi ndani, watu hawaoni jukwaa!

Hesabu ya kwanza ilikuwa vifo 4,000 hivi. Lakini watu waliendelea kufa kupita kiasi Januari, Februari, mpaka Machi. Serikali ikasema hao ni homa ya mafua. Ati mafua. Watafiti waliorudia hesabu miaka mingi baadaye walifika karibu 12,000.

Sasa fikiria. Upepo ulirudi tarehe 9, anga ikawa safi. Mtu anakufaje Februari kwa moshi wa Desemba?

Jibu liko kifuani. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, unakohoa, linatoka. Ila chembe ndogo kuliko maikroni 2.5 (unywele mmoja ni kama maikroni 70) hupita mpaka kwenye vile vifuko vidogo vya hewa. Huko seli za kinga huzimeza, lakini masizi hayayeyuki. Seli inabaki imeshiba uchafu, pafu linavimba, na moyo unasukuma damu kwa shida. Anga inasafishwa na upepo. Kifua hakina upepo huo.

Na ushahidi ulikuwepo. Hospitali ya Royal London ilikuwa imehifadhi vipande vya mapafu ya watu waliokufa siku zile. Vikachunguzwa kwa hadubini ya elektroni, matokeo yakachapishwa 2003: masizi tele, pamoja na risasi na zinki. Hata mahali chembe ilipokaa palikuwa na maana. Zilizo kwenye njia za hewa ni za siku za mwisho, zilizo kwenye tezi ni za maisha yote ya kuvuta moshi wa mji.

Sheria ya Hewa Safi ilipita 1956. Wale walioambiwa babu yao ameuawa na mafua walikuwa washazika kitambo, na kufikia 2003 wengi wao pia walikuwa wameenda.