Kovu kwenye mkono wa kushoto

Nimekuwa kimya, najua, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nyumbani kulikuwa na shughuli, na shughuli hiyo ndiyo mada ya leo. Mnaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, vumilieni kidogo.

Katikati ya mwaka 2025 dada yangu alijifungua. Mtakumbuka ndio wakati BCG, chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga, iliadimika nchini Kenya. Alienda kliniki akaambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi, akaambiwa vivyo hivyo. Hapa kwetu Isli, Section Three, vyumba ni vidogo na madirisha yanatazama ukuta wa jirani, na kaka yetu mkubwa ndiyo kwanza alikuwa ameanza vidonge vya TB. Dada akambeba mtoto, akapanda matatu hadi kwa shangazi Kayole, akakaa huko mpaka chanjo ilipopatikana.

Siku aliporudi, mama alitushika mimi na kaka, akatukunja mikono ya mashati. Sote tuna kovu la BCG kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, mahali ambapo Wakenya wengi wanalo (ndugu zetu wa Tanzania huwa nalo kwenye bega la kulia). "Nyote mlichanjwa," akasema. "Sasa huyu ameuguaje? Wewe mtu wa kompyuta, tafuta." Kwa mama, anayejua kompyuta anajua kila kitu. Haya, nikatafuta.

Mwaka 1908, katika mji wa Lille, Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin, mmoja daktari wa watu na mwingine wa mifugo, walianza kukuza bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa kwa gliserini na nyongo ya ng'ombe. Kila baada ya wiki tatu hivi waliwahamishia kwenye kiazi kipya. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Wajerumani wakauteka mji, na wao wakaendelea na viazi vyao. Baada ya miaka 13 na mihamisho 230, bakteria wakawa wapole, hawaui tena mnyama wa maabara. Mwaka 1921 mjini Paris akapewa mtoto wa kwanza. Mama yake alikuwa amekufa kwa TB, na bibi aliyetakiwa kumlea naye alikuwa mgonjwa. Alipewa kwa mdomo, si kwa sindano.

Halafu mwaka 1930 huko Lübeck, Ujerumani, watoto wapatao 250 walipewa chanjo iliyochanganyika maabarani na bakteria wakali. Zaidi ya 70 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kosa halikuwa la BCG yenyewe, lakini mzazi wa Lübeck utamwambia nini?

Sasa sisi waandika programu. Calmette na Guérin hawakuwa na njia ya kuwahifadhi bakteria wao bila kuwakuza. Hakukuwa na nakala ya akiba! Kuanzia mwaka 1924 maabara za nchi nyingine zilipewa mbegu, na kila moja ikaendelea kuihamisha kivyake. Ni kama kumpa kila mtu msimbo wako kwenye diski, kila mmoja anaubadilisha bila kuandika alichobadilisha, kisha ile asili inapotea. Mpaka walipoanza kuikausha na kuigandisha mbegu, miaka ya 1960, kulikuwa na BCG ya Denmark, ya Japani, ya Urusi, ya Brazili na nyinginezo, zote zikiitwa BCG na zote zikiwa zimetofautiana.

Miaka ya 1990 wanasayansi walifanya kile tunachofanya tukitaka kujua nani ameharibu programu: walilinganisha matoleo mawili, mstari kwa mstari. Jenomu nzima ya bakteria wa TB, herufi zipatazo milioni 4.4, ilichapishwa mwaka 1998. Katika aina zote za BCG kuna kipande kimoja kilichofutika, kiitwacho RD1. Humo ndimo ilimokuwa mitambo ambayo bakteria huitumia kutoboa na kutoroka ndani ya seli ya kinga iliyommeza. Calmette na Guérin walikaa miaka 13 wakifuta faili wasilojua kuwa lipo.

Na kaka je? BCG humlinda mtoto mdogo vizuri dhidi ya TB ya ubongo na ile inayosambaa mwili mzima. Kwa TB ya mapafu ya mtu mzima ni bahati nasibu. Kwa vijana wa Uingereza, jaribio lililoanza mwaka 1950 lilionyesha kinga ya karibu asilimia 80. Kusini mwa India, jaribio kubwa lililoanza mwaka 1968 na kuchanja maelfu kwa maelfu halikuonyesha kinga yoyote. Uganda chanjo hiyohiyo ilikinga watoto dhidi ya ukoma! Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba katika nchi za joto mwili umeshakutana na bakteria jamaa wa TB walio kwenye udongo na maji, kwa hiyo BCG haiufundishi jambo jipya. Mimi naona maelezo haya yana nguvu, ila hayamalizi yote.

Kuna mpya inayoitwa M72/AS01E. Haitumii bakteria mzima. Ina protini mbili zilizounganishwa, pamoja na kichocheo cha kinga cha familia ileile iliyomo kwenye chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019. Ilijaribiwa Kenya, Zambia na Afrika Kusini kwa watu wazima wapatao 3,500 waliokuwa na vijidudu vya TB mwilini bila kuugua. Baada ya miaka mitatu, waliougua kati ya waliochanjwa walikuwa 13, na kati ya wasiochanjwa 26. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2019. Jaribio kubwa, la watu hadi 20,000, Kenya ikiwemo, lilianza mwaka 2024. Miaka mitano! Ya korona ilipatikana ndani ya mwaka mmoja, lakini korona iliwagusa wenye pesa.

Kaka amemaliza vidonge vyake, miezi 6. Zamani ilikuwa miezi 18; ilifupishwa kutokana na majaribio yaliyoanza mwaka 1970 katika nchi zetu hizi, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Hilo nalo nilikuwa silijui.

Nilimweleza mama yote haya jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na hiyo mpya inafika lini?" Nikamwambia jaribio bado halijaisha. Akarudi kwenye sufuria yake.

Makala ya hifadhidata ni wiki ijayo, stima ikiwepo.