Mtama wa Mwami: Sikukuu Moja, Nchi Mbili

Ijumaa ya kwanza ya Agosti, ofisi za Rwanda hufungwa. Ni Umuganura, sikukuu ya mavuno. Vikapu vya mtama, ulezi na maharage huletwa mbele ya wageni, watoto hunyweshwa maziwa hadharani, kisha watu hula pamoja. Ng'ambo ya mto Akanyaru, Warundi nao wana Umuganuro, lakini Agosti huwapita kimya. Sikukuu yao ilikuwa ya Desemba, na haikuwa ya kuvuna bali ya kupanda.

Zote mbili zilizaliwa katika ua wa mwami, yaani mfalme, na zote zilizunguka mtama. Rwanda, kilele chake kilikuwa mwami kuonja mazao mapya, na shughuli nzima ilikuwa mikononi mwa abiru, watunza siri za ufalme. Burundi, mwami alionja ugali wa mtama, Karyenda, ngoma takatifu ya ufalme, ikatolewa nje, ndipo msimu wa kupanda ukafunguliwa.

Wabelgiji, waliozitwaa nchi hizo kutoka kwa Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waling'amua haraka kwamba anayefungua msimu ndiye mwenye nchi. Mwaka 1925 waliipiga marufuku Umuganura. Gashamura, mmoja wa abiru, aliyeisimamia, walimpeleka uhamishoni Gitega, Burundi, katika nchi ambayo mwami wake alikuwa bado akionja mtama. Haikuchukua muda: Umuganuro wa mwisho wa kifalme ulifanyika mwaka 1929, enzi za mwami Mwambutsa IV.

Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962, bendera yake ilibeba ngoma na mmea wa mtama. Ufalme ulipopinduliwa Novemba 1966, ngoma iliondolewa, mtama ukabaki peke yake. Mwaka uliofuata nao ulifutwa, zikawekwa nyota tatu.

Rwanda iliirudisha Umuganura kitaifa mwaka 2011, nusu karne baada ya ufalme kufutwa. Nafasi ya mwami hushikwa na viongozi wa serikali, na mavuno yenyewe yamepanuliwa: pamoja na magunia ya nafaka, siku hiyo hutajwa pia barabara, shule na zahanati zilizojengwa.

Burundi, kilichonawiri ni ngoma. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, na wapigaji wa kilima cha Gishora, karibu na Gitega, huwapigia wageni bila kungoja msimu wa mtama. Lakini amri ya rais ya mwaka 2017 iliwazuia wanawake kuipiga na kuvitaka vikundi vipate kibali cha wizara.

Wafalme wameondoka pande zote mbili, ila madaraka yao hayakwenda mbali. Kigali serikali ndiyo hupanga siku ya kuonja mavuno, na Burundi serikali ndiyo huamua nani ashike fimbo za ngoma.