Jela ya Kesho kwa Bei Chee

Mwaka 1980 John Carpenter alikuwa anatafuta daraja la kumalizia filamu yake, na fedha za kulijenga hakuwa nazo. Juu ya Mto Mississippi, karibu na St. Louis, kulikuwa na daraja kuukuu liitwalo Chain of Rocks, ambalo magari yalikuwa yameshaacha kulipita. Akauziwa kwa dola 1. Kazi ilipokwisha akalirudisha kwa wenyewe, maana daraja bovu likimdhuru mtu, anayeshtakiwa ni mwenye nalo.

Hata mji ulichaguliwa kwa hesabu hizo hizo. Moto mkubwa wa mwaka 1976 ulikuwa umeteketeza sehemu ya St. Louis, na mitaa iliyobaki magofu ilitosha kabisa kuitwa New York. Wakubwa wa mji wakakubali kuzima taa za barabarani usiku, Carpenter akapata giza la bure.

Hiyo ndiyo Escape from New York, iliyotoka mwaka 1981 kwa gharama ya kama dola milioni 6. Ni mwaka 1997, uhalifu umeishinda Marekani, na kisiwa chote cha Manhattan kimezungushiwa ukuta kikawa gereza lisilo na askari ndani. Ndege ya rais inaangukia humo. Snake Plissken, mhalifu mwenye jicho moja anayechezwa na Kurt Russell, anapewa chini ya saa 24 kumtoa, na ili asije akapata wazo la kutokomea, anadungwa vilipuzi vidogo kwenye mishipa ya shingo.

Carpenter alianza kuiandika miaka ya sabini, baada ya kashfa ya Watergate kuwaondolea Wamarekani imani na ikulu yao, na hasira hiyo bado inasikika. Mimi lakini huirudia kwa ajili ya ujanja wake wa kimaskini. Kuna mahali Snake anashuka gizani kwa ndege isiyo na injini, huku kioo mbele yake kikionyesha maghorofa ya Manhattan kwa mistari inayong'aa, utadhani yamechorwa na kompyuta. Kompyuta ya kuchora hivyo ilikuwa ghali mno. Mafundi walitengeneza mji mdogo wa mfano, wakaupaka rangi nyeusi, wakabandika utepe wa kung'aa kwenye kingo za majengo, kisha wakapitisha kamera juu yake. Katika kikosi cha picha za hila alikuwamo kijana aliyeitwa James Cameron, yule ambaye baadaye alitengeneza Titanic.

Kikosi hicho kilitoka kwa mzalishaji Roger Corman, na kwa Corman ndiko ukoo wa picha hizi za jela za bei chee unakoanzia. Kampuni yake ya New World Pictures aliianzisha mwaka 1970. Mwaka uliofuata ikatoa The Big Doll House, picha ya gereza la wanawake iliyopigwa Ufilipino kwa sababu huko kila kitu kilikuwa nafuu; Pam Grier alianza kujulikana humo. Corman alikuwa amegundua kwamba hakuna nyumba rahisi kuijenga kwenye sinema kama jela. Ukuta, nondo, sare za rangi moja, basi. Mtunzi hana hata haja ya kueleza kwa nini watu wanaochukiana hivi hawaachani.

Mwongozaji Stephanie Rothman, aliyepitia mikononi mwa Corman, aliongeza kilichokosekana. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya California ilifuta adhabu ya kifo. Rothman akajiuliza wauaji wangepelekwa wapi, na mwaka 1973 akajibu kwa Terminal Island: watupwe kisiwani wajiamulie wenyewe. Humo hamna roboti wala chombo cha anga. Kuna sheria moja tu ambayo bado haijatungwa, na sheria haigharimu hata senti kuiweka kwenye filamu.

Waaustralia walichangia ukatili. Turkey Shoot ya Brian Trenchard-Smith, ya mwaka 1982, inaonyesha kambi ya kuwanyoosha wapinga serikali ambako vigogo huwawinda wafungwa kama swala. Fedha zilipunguzwa kabla ya kamera kuwashwa, kurasa za mswada zikachanwa, na inaonekana. Ni picha mbaya, tena nimeiangalia hadi mwisho.

Kanda za video zilipoenea, soko likawa tayari. Mwaka 1991 televisheni ya HBO ilionyesha Wedlock, na hapa ubahili ulizaa wazo ambalo filamu nyingi za mamilioni hazina. Rutger Hauer yumo katika gereza lisilo na uzio wala minara. Kila mfungwa amevishwa kola yenye baruti, iliyounganishwa na kola ya mwenzake mmoja asiyemjua. Wakiachana zaidi ya yadi 100, vichwa vyote viwili vinalipuka. Mzalishaji ameokoa gharama ya ukuta, nasi tunamtazama kila mfungwa akimchunga kila jirani, nyapara kwa nyapara, bila kulipwa. Nusu ya pili ya filamu inageuka mbio za magari za kawaida, na hapo naweza kwenda kuchemsha chai.

Mwaka uliofuata Stuart Gordon alipiga Fortress huko Queensland, Australia. Christopher Lambert na mkewe wanafungwa kwa kosa la mimba ya pili, ilhali sheria inaruhusu moja tu. Gereza liko chini ya ardhi, mali ya kampuni iitwayo Men-Tel, na mfungwa anamezeshwa kidude kinachomkata tumbo akivuka mstari. Mkuu wa gereza ni nusu mashine, hana usingizi, na huchungulia ndoto za wafungwa. Wazoefu wa mabanda ya video wanajua steringi hafi, kwa hiyo hofu haiko hapo. Raha iko katika kutaka kujua sheria ya kipumbavu kama ile itavunjwaje.

Upumbavu wenyewe tuupime vizuri. Kampuni ya Corrections Corporation of America, ya kuendesha magereza kwa faida, ilianzishwa Tennessee mwaka 1983. Mwaka huo huo Jaji Jack Love wa Albuquerque aliamuru mkosaji avishwe kifaa cha kumfuatilia mguuni. Wazo alilipata kwenye hadithi ya katuni ya Spider-Man.

Na wenye fedha nao waliinyemelea meza ya maskini. Mwaka 2012 kampuni ya mtengeneza filamu Mfaransa Luc Besson ilitoa Lockout, iliyogharimu kama dola milioni 20: mkaidi aliyehukumiwa anaahidiwa uhuru akimwokoa binti wa rais kwenye jela iliyo angani. Carpenter akaenda mahakamani Paris. Majaji waliilinganisha na Escape from New York tukio kwa tukio, na mwaka 2015 wakaamua kwamba Besson ameiga. Alikata rufaa. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikaipandisha fidia kutoka euro 80,000 hadi 450,000.