Mtihani wa Serikali na Kiswahili cha Shuleni: Tazamo la Kihistoria kutoka Eringeti

Makala haya yahusu mtihani ambao kila kijana wa Kongo amalizaye sekondari hana budi kuukabili, yaani Mtihani wa Serikali, pamoja na mdogo wake ufanywao mwishoni mwa shule ya msingi. Juu ya gharama na udanganyifu wa mitihani hiyo yamekwisha kusemwa mengi. Sisi twakusudia kuchunguza jambo lizungumzwalo kwa nadra: jinsi kipimo kimoja cha taifa zima kilivyoamua, pasipo sheria yoyote kutamka hivyo, ni lugha ipi ifundishwe kwa bidii na ni ipi ipuuzwe. Mfano wetu ni Eringeti, katika Teritwari ya Beni.

Eringeti iko kwenye barabara kuu ya nne, kaskazini mwa Oicha, karibu na mpaka wa Ituri. Mwanaisimu apendaye kustaajabu hana haja ya kwenda mbali na hapo. Wanande husema lugha ya Kibantu. Wambuba na Walese husema lugha za Sudani ya Kati, zisizo na undugu wowote na Kibantu. Nao Wambuti wako jirani msituni. Watu hawa wote hukutana katika Kiswahili: sokoni, kanisani, garini, na mbele ya askari wa kizuizi. Kiswahili hicho, kilichoitwa Kingwana wakati wa Wabelgiji, ndicho walichokitumia wamisionari wa Kiprotestanti wa Oicha, mahali ambapo daktari Carl Becker alijenga hospitali yake katika miaka ya 1930. Kwa hiyo darasa la kwanza la Eringeti likifundishwa kwa Kiswahili, hiyo si pambo la utamaduni. Ndiyo njia pekee ya mwalimu mmoja kueleweka na watoto wa nyumba tofauti.

Baada ya uhuru wa 1960 nchi ilikuwa na wahitimu wachache mno wa chuo kikuu, hata ishirini hawakutimia. Haraka ya kuwapata wengine ilileta maamuzi mawili. La kwanza lilikuwa kufanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, katika mageuzi ya programu ya 1962. La pili lilikuwa Mtihani wa Serikali wenyewe, ulioanzishwa mwaka 1967. Hapo awali, kwa kufuata desturi ya Ubelgiji, diploma za shule zilithibitishwa na tume. Tangu 1967 kijana wa kijijini na kijana wa Kinshasa wakapewa maswali yale yale, siku ile ile. Tusiibeze nia hiyo. Kwa mtoto asiye na mjomba serikalini, karatasi isiyojua jina la baba yake ilikuwa haki kubwa, na wazazi wengi wa Beni na Butembo wangali wauona hivyo hadi leo.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1967, mwezi wa Machi, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akilaumu shule kwa kuishi kwa ajili ya mitihani. Tanzania haikuifuta mitihani. Ila ile ya kumaliza shule ya msingi ikawa kwa Kiswahili, na Azimio la Musoma la 1974 likataka alama zisiwe kigezo pekee cha kuingia chuo kikuu. Nchi mbili jirani, katika mwaka mmoja, ziliuliza swali moja juu ya mtihani na kupata majibu yaliyopishana.

Namna mtihani wetu ufanywavyo yajulikana. Kwanza huja insha ya Kifaransa, mahojiano ya Kifaransa na kazi za vitendo. Kisha siku nne za maswali ya kuchagua jibu, ambayo husahihishwa kwa mashine, na anayepata nusu ya alama ndiye apewaye diploma. Siku ya lugha ni ya Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili hakina siku. Kijana wa Eringeti aweza kupata alama kwa lugha isemwayo ng'ambo ya Semliki, huko Uganda, asipate hata moja kwa ile atakayotumia kuuza mbao, kuhubiri, au kumtetea mtu mbele ya hakimu.

Matokeo yake darasani hayahitaji uchunguzi mrefu. Katika mwaka wa sita mwalimu huacha kueleza, akakusanya maswali ya miaka iliyopita. Mwanafunzi huzoea kulitambua jibu lililokwisha kuandikwa na mwingine, lakini hazoei kulijenga lake. Prefe naye hupimwa kwa asilimia ya waliofaulu, kwa kuwa wazazi walipao minerval huulizana asilimia hiyo kabla ya kuuliza habari za maktaba au maabara. Shule yenye maabara bila asilimia hubaki tupu. Nisemapo hivi simlaumu prefe: anaendesha shule kwa fedha za wazazi, na wazazi wana akili timamu.

Lakini uzito wa jambo hili huonekana zaidi pale ambapo usawa wa maswali unakutana na mwaka wa masomo usio sawa. Mnamo Oktoba 2014, shule zikiwa zimefunguliwa kwa mwezi mmoja na nusu tu, wauaji waliingia Eringeti. Tarehe 29 Novemba 2015 walirudi, wakaua hata wagonjwa hospitalini. Watu walikimbilia Oicha na Beni, na katika miaka iliyofuata madarasa yalikuwa mara yafunguliwa, mara yafanywa makao ya wakimbizi. Ikaja Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Ikaja korona, iliyofunga shule zote za nchi mwezi wa Machi 2020. Ukaja utawala wa kijeshi wa Mei 2021. Mtihani haukujua lolote kati ya hayo. Kituo kiliweza kuhamishwa kwa ajili ya usalama, maswali hayakuhamishwa. Hata hivyo, mzazi aliyepoteza shamba na nyumba hutafuta kwanza ada ya mtihani wa mwanawe, kwa sababu diploma ndiyo mali pekee isiyochomwa moto. Yeyote atakaye kuufuta mtihani huu na amweleze mzazi huyo atampa nini badala yake.

Turudi kwenye lugha. Semina ya wanaisimu wa Zaire iliyokutana Lubumbashi mwezi wa Mei 1974 ilitetea lugha za taifa shuleni. Sheria ya elimu ya 1986 iliziruhusu katika shule ya msingi, na ile ya Februari 2014 ikarudia. Sheria ni nzuri. Ila mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hupima Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla, na maswali yenyewe yameandikwa kwa Kifaransa. Mzazi hasomi sheria, husoma mtihani. Ndiyo sababu humwomba mwalimu wa darasa la pili aache Kiswahili mapema.

Kenya yaonyesha kwamba mtihani huohuo waweza kuvuta upande wa pili. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kiswahili huko kilifundishwa bila kutahiniwa katika shule ya msingi, na walimu wengi walikitumia kipindi chake kwa hesabu au Kiingereza. Tume ya Mackay ilipendekeza mwaka 1981 kiwe cha lazima na kitahiniwe. Kuanzia 1985 kikawa na karatasi yake na alama zake. Watoto hawakuhubiriwa uzalendo, wala walimu hawakubadilishwa. Kilichoongezwa ni karatasi moja, na vitabu vya sarufi na insha vikaanza kununuliwa hata na wazazi wasiokisema nyumbani.

Kwetu karatasi kama hiyo ingezua ubishi mara moja: ni Kiswahili kipi kitahiniwe, sanifu cha vitabu au hiki cha barabara ya Oicha, ambacho mtoto wa Kimbuba na wa Kinande wamekijenga pamoja? Ubishi huo ni wa kazi yetu sisi wa idara za lugha. Nao haujaanza, kwani hadi sasa hakuna alama zinazougombaniwa.